Farasi Aliyeamini Makofi

Fizi, Jumapili, mwezi wa nane, 1976

"Farasi ni kama raia. Siku akijua huna fimbo, amekushinda."

Maneno hayo aliyasema Mkuu wa Chama wa hapa kwetu Jumamosi moja ya salongo, tulipokuwa tumesimama barabarani na majembe, tukingoja atoe ruhusa kazi ya bure ianze. Watu walicheka kwa kuwa yeye alicheka. Mimi sikucheka, na hiyo ikawa dhambi yangu ya kwanza.

Leo nataka kumjibu. Nimechoka. Miguu imevimba tangu jana, moshi wa mashamba yanayochomwa umefunika bonde lote, na jua linapita ndani yake jekundu, bila nguvu. Sina hamu hata ya kugombana, na wanaonijua watasema hiyo ni dalili ya ugonjwa. Lakini neno la uongo likiachwa bila jibu linaota mizizi.

Fimbo haimfundishi farasi utii. Inamfundisha kipimo kimoja tu: mkono wako unafika wapi. Akishakijua kipimo hicho, anaishi nje yake. Utamwona amesimama kimya, utasema amenyenyekea, kumbe anapima umbali. Kuhusu raia sitaandika neno. Kila asomaye ajitazame mwenyewe.

Ni nani asomaye? Daftari hili huliacha makusudi juu ya meza ya chumba cha walimu. Wilondja wa hesabu hulisoma. Asukulu wa jiografia hulisoma. Mama Naluno wa darasa la kwanza hulisoma na kunisahihishia vituo kwa penseli. Yupo pia msomaji wa nne nisiyemjua, ambaye hasahihishi kitu ila husafirisha habari mpaka ofisini. Karibu, ndugu wa nne. Leo usome polepole, maana mwishoni nitakuhitaji.

Farasi mwenyewe aliachwa milimani na mzungu mmoja mwenye shamba la ng'ombe, mwaka ule mashamba ya wageni yalipogawiwa. Aliyegawiwa shamba lile alikuja mara moja, amevaa abakosti nyeusi, lile koti la Chama lisilo na tai, akachukua ng'ombe wanono, akaondoka. Alimwacha farasi, asijue amfanyie nini. Mnyama akabaki anakula nyasi pamoja na ng'ombe wa Serugo, mfugaji wa kule juu, mtu wa makamo kama mimi. Na kwa kuwa majina ya kizungu yamepigwa marufuku, hata yale tuliyobatizwa nayo, Serugo akampa jina ambalo kwao huitwa ng'ombe wa rangi ya udongo mwekundu: Bihogo. Basi hata farasi alibadilishiwa jina na Chama.

Mwezi wa tano ikafika habari kwamba mkubwa fulani kutoka Bukavu atazuru mji wa Baraka, ukingoni mwa ziwa. Mkuu wa Chama akapata wazo: yeye ataingia uwanjani juu ya farasi, mbele ya wanawake wacheza ngoma. Akaamuru Bihogo ateremshwe hapa Fizi, si zaidi, maana kule ziwani nzi na joto vingemmaliza kabla ya siku yenyewe. Kisha akatuita wawili ofisini. Serugo kwa sababu anajua wanyama. Mimi kwa sababu nilikuwa nimeandika barua moja zaidi kuhusu paa la shule.

"Sitwayeni Mwalimu," akaniambia, yaani raia, maana hata neno "bwana" siku hizi ni kosa, "we njo unasomaka kila kitu. Basi sasa usome farasi. Miezi tatu."

Ilikuwa adhabu. Nakiri niliifurahia.

Nilikuwa na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kilichobaki kwenye kabati la mapadri, kinachoeleza mambo ya farasi. Siku ya kwanza niliingia zizini nacho kwapani. Kitabu kilisema nisimame mbele yake, nishike kamba kwa ufupi, nimtazame machoni mpaka ajue nani bwana. Nikamtazama. Bihogo akageuka bila haraka na kunipiga teke la paja. Nilitembea upande upande siku nne.

Serugo alikuwa ameketi juu ya mti wa ua wa zizi.

"Mwalimu," akauliza kwa upole, "ile kitabu yako iko na miguu ngapi?"

Nikakifunga kitabu. Mimi, ambaye hujibu hata mahubiri.

Nitasema na jambo jingine, kwa kuwa shajara isiyoaibisha mwenyewe ni ripoti tu. Tangu ujana naandika juu ya usawa wa watu. Nimegombana na makarani, na watawa, na wakaguzi wa shule. Lakini mpaka mwaka huu sikuwa nimewahi kunywa maziwa nyumbani kwa mtu wa milimani. Kwetu sisi wa chini husemwa mengi juu yao, nami sikuyasema, ila niliyaacha yasemwe. Siku ile ya kwanza nilimwona Serugo kama mtu wa kunishikia kamba.

Kwa siku nane hakufanya kitu ambacho ningeweza kukiandika. Asubuhi aliingia zizini, akaketi chini, akampa farasi mgongo, akasokota kamba. Jioni aliwasha moto wa samadi na majani mabichi, kama wanavyofanya kwao ng'ombe wanaporudi, ili moshi ufukuze nzi. Basi. Mkuu wa Chama alituma mtu kuuliza kazi imefika wapi. Nikaandika: "Kazi inaendelea." Nilidhani nasema uongo.

Jioni ya nane Bihogo alitoka mwisho wa zizi, akaja hatua kwa hatua, akasimama ndani ya moshi, upande wa pili wa moto. Akafumba macho. Nilinyanyuka nimshike kamba.

"Muache," Serugo akanong'ona bila kugeuka. "Akuje kwa moshi kwanza. Kwako atakuja kisha."

Ndipo, kwa mara ya kwanza, niliuona mgongo wa Bihogo karibu. Ulikuwa na mistari myeupe, manyoya yameota vibaya juu ya majeraha ya zamani. Kumbe fimbo ilikwisha jaribiwa juu yake, na watu walioijua kuliko Mkuu wetu. Matokeo yake ni lile teke la paja langu.

Makofi niliyaleta mimi. Hili naliandika kwa herufi nzuri ili lisomeke hata ofisini.

Kwetu huingii kiwanjani mwa mtu kimya kimya kama mwizi. Unasimama penye ua, unapiga makofi mawili, viganja umevikunja kidogo ili sauti iwe nzito, unangoja. Mwenye nyumba akitaka, anatoka. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kuandika. Asubuhi moja, paja likiuma, nikiogopa kumshtua yule mnyama, nilipiga makofi mawili penye lango la zizi pasipo kufikiri. Masikio ya Bihogo yakageuka.

"Rudilia," akasema Serugo. Akafungua kitambaa chake, akaniwekea kiganjani chumvi ya ng'ombe.

Tangu siku ile ikawa desturi yetu. Makofi mawili, kungoja, chumvi. Wiki ya kwanza alinyoosha shingo na kuirudisha. Wiki ya pili nilisikia midomo yake kiganjani, laini kuliko nilivyotazamia, na nilikaa vile muda mrefu baada ya chumvi kwisha. Wiki ya sita alikuwa anakuja mwenyewe kutoka mwisho wa zizi, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumpokea mgeni.

Tandiko lilikuja baadaye. Gunia tupu kwanza, kisha blanketi, kisha lile tandiko la mzungu ambalo panya walikuwa wamelila pembeni. Bihogo akigeuza kichwa, Serugo alilishusha na kuketi. Siku moja nilipiga kelele kwamba tarehe inakaribia na farasi anatuchezea.

"Hasira yako iko na haraka, Mwalimu," akanijibu. "Ye hana."

Siku nilipompanda, Serugo hakushika kamba. Alitangulia tu, mikono nyuma, na Bihogo akamfuata mpaka mtoni nami nikiwa juu yake. Nilihisi pumzi yake ikipanda na kushuka kati ya magoti yangu. Mnyama mwenye nguvu za kunivunja shingo alikuwa anakwepa mawe ili nisiyumbe. Jioni ile nilipanda milimani nikanywa maziwa kwa Serugo, vibuyu viwili, na mke wake akacheka akasema mwalimu amekuwa ndama.

Tukamwandaa Bihogo kwa kila kitu. Tulimletea ngoma ya shule. Mama Naluno alileta watoto wake kila Ijumaa, wakaimba nyimbo za Chama wakitikisa vitambaa karibu na ua. Tulimpigia filimbi, tukamwonyesha bendera. Alizizoea zote. Nilimwambia Serugo kwamba hakuna kitu kitakachomshtua kule Baraka.

Hatukufikiria makofi.

Nimekuwa nikijiuliza njia nzima ya kupanda kurudi Fizi: katika nchi hii, mtu mzima anasahauje kwamba palipo na mkubwa patakuwa na makofi? Nadhani jibu ni la aibu. Nimepiga makofi yale miaka mingi mno. Sikuyahesabu tena kuwa sauti.

Alhamisi, Baraka. Joto, harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, waliotandazwa kwenye mchanga, watu waliopangwa kwa mistari tangu asubuhi. Sisi walimu tulikuwa kwenye benchi letu: Wilondja kushoto kwangu, Asukulu kulia, Mama Naluno nyuma. Mkuu wa Chama aliingia juu ya Bihogo, Serugo akitembea kando na kamba mkononi. Ilikuwa vizuri, naapa. Farasi alipita katikati ya ngoma kama anapita katikati ya nyasi. Nilivimba kifua. Hata Mkuu alipendeza.

Wakasimama mbele ya jukwaa. Mkubwa kutoka Bukavu akainuka, akasema sentensi yake ya kwanza, na vijana wa Chama wenye vitambaa mikononi wakatoa ishara. Uwanja mzima ukapiga makofi.

Bihogo akainua kichwa. Masikio yake yalikwenda huku na huku, kama mtu aliyeitwa na nyumba zote za kijiji kwa wakati mmoja. Kisha akaanza kutembea. Hakukimbia, hakuruka. Kamba ilimtoka Serugo mkononi polepole. Mkuu wa Chama alivuta hatamu huku midomo bado ikitabasamu, farasi akapita mbele ya jukwaa na kumwonyesha mkubwa mkia, akaufuata mstari wa watu, akitafuta, mpaka akafika kwenye benchi la walimu.

Alisimama mbele yangu. Mikono yangu ilikuwa inapiga makofi kama ya wengine wote, viganja vimekunjwa, kama mama alivyonifundisha. Bihogo akaweka midomo yake ndani yao.

Hapakuwa na chumvi.

Katika uwanja ule wote, farasi peke yake ndiye aliyeamini makofi.

"Ee mama wee!" akapaza sauti mwanamke mmoja mwenye beseni la samaki. "Ye anajua mwalimu wake kupita batoto ba masomo!"

"Mumuache!" akajibu mwenzake. "Iko nakuja kujiandikisha!"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, ambacho hakuna kijana mwenye kitambaa aliyekitolea ishara. Mkuu wa Chama akakisikia, na akainua fimbo ya kuchongwa ya cheo chake, akampiga Bihogo katikati ya masikio.

Farasi akasimama kwa miguu ya nyuma. Mkuu akateleza polepole, kama gunia la mihogo kutoka mgongoni mwa mchukuzi, akaketi mavumbini na abakosti yake.

Kisha mkubwa kutoka Bukavu akacheka mwenyewe, kwenye kipaza sauti. Akasema walau yuko mmoja hapa anayeheshimu shule, mnyama huyo apelekwe kwao akapumzike. Tukapiga makofi tena. Mara hii Bihogo alirudi nyuma, masikio yamelala, macho yameonyesha weupe wote.

Farasi akapata msamaha. Mtu hakupata.

Nyuma ya jukwaa Mkuu wa Chama alikuwa anajipangusa mavumbi. "Nani alimufundisha hii nyama kunihaibisha? Nani?"

"Miye," akasema Serugo.

Hakunitazama. Vijana wawili wakamshika mikono, na neno walilolitumia ni hujuma. Kabla hawajamvuta alinipa kamba. "Umutangulie, Mwalimu," akaniambia. "Usimuvute."

Na mimi? Mimi niliyeandika barua nane juu ya paa? Nikashika kamba. Hakuna aliyeniuliza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia njia yote, Ijumaa na Jumamosi, mlima baada ya mlima: hakuna aliyeniuliza. Wenzangu watatu, mlikuwa hapo. Mlinitazama, kisha mkatazama viatu vyenu. Siwezi kuwalaumu, nami nilikuwa natazama vyangu.

Bihogo alinifuata mpaka Fizi, lakini si karibu. Nilimtangulia kama nilivyoagizwa, kamba ikiburuta mavumbini. Nikisimama, naye alisimama. Nikirudi hatua moja, alirudi hatua moja. Niliupima kwa macho umbali ule. Ulikuwa urefu wa mkono na fimbo.

Mkuu wa Chama, ukisoma haya kwa hisani ya msomaji wa nne, tazama ushindi wako. Miezi mitatu ya mtu kuketi chini na kungoja, umeimaliza kwa pigo moja, na wewe ndiwe uliyeanguka.

Leo baada ya ibada nimekwenda zizini. Nilipiga makofi mawili penye lango, nikangoja. Masikio yaligeuka. Alinitazama kwa muda. Hakuja.

Nimeweka chumvi juu ya jiwe, nikaondoka mbele yake. Nimejaribu kuwasha moto wa Serugo, nikatumia majani makavu mno, ukawaka bila moshi. Nimeuzima na kuanza upya kwa samadi mbichi, macho yakitoka machozi, na sasa moshi umepatikana, mwembamba. Ninaandika nikiwa nimeketi chini zizini, nimempa mgongo. Yuko kule mwisho, nzi wamemjaa machoni. Sigeuki.

Mwanamke muuza ndagala aliyepanda sokoni asubuhi ameleta habari. Serugo bado yumo kwenye chumba cha nyuma ya ofisi kule Baraka, analala juu ya saruji. Jumanne watampeleka Uvira na karatasi ya hujuma, na wanaoijua karatasi hiyo wanajua wengine wakienda nayo hawarudi. Mke wake ameteremka kutoka milimani na kibuyu cha maziwa. Walimnyima mlango, akakaa nje. Ndiye aliyeniita ndama.

Karatasi ina swali moja: nani alimfundisha mnyama? Jibu langu nimekwisha kuliandika na kulitia sahihi. Makofi nilimfundisha mimi. Serugo alimfundisha kutotuogopa, na hilo si kosa katika kitabu chochote nilichosoma.

Lakini najijua. Wanasema mwalimu huyu hupinga hata mvua. Neno la mgomvi mmoja watalitupa, nami watanilaza chumba kilekile, na Serugo ataondoka vilevile. Wanahitajika watu wasio na sifa ya ugomvi. Wanahitajika watu kama ninyi, mseme mlichokiona.

Wilondja, goti lako lililowa mate ya farasi. Asukulu, wewe mwenyewe uliniambia sikioni, "Anatafuta chumvi," kabla fimbo haijainuka. Mama Naluno, kila Ijumaa ulikuwa penye ua, unajua nani alipiga makofi na nani alikaa kimya. Na wewe wa nne, unayebeba maneno bure: beba na haya, yote, usikate hata mstari.

Leo daftari siliachi mezani. Nalipeleka sasa hivi kwa Mama Naluno, naye alifikishe kwa Wilondja, Wilondja kwa Asukulu, kabla jua halijazama. Wa nne atalipata, hajawahi kulikosa.

Kesho Jumatatu asubuhi ninateremka Baraka kwa miguu, ili Jumanne ofisi ikifunguliwa niwe mlangoni. Sitawavuta. Nitapita mbele ya nyumba ya kila mmoja wenu, nitasimama penye ua, nitapiga makofi mawili, nitangoja.

Tokeni.